Barua ya wazi: Plasta ya watu wazima kwenye shavu la mtoto njiti

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa Katibu Mkuu wa Wizara. Kwa wakuu wa Bohari Kuu ya Dawa. Kwa wakuu wa hospitali zetu za Unguja na Pemba. Na kwa walimu wanaosomesha wauguzi.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni muuguzi mkunga, nipo Pemba. Sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi nimeimaliza kwenye wodi ya watoto wachanga, upande wa watoto njiti. Simwakilishi mtu wala chama, na hospitali ninazozungumzia humu sitazitaja. Nimeshika kalamu kwa sababu ya kitu ambacho wakubwa mkija kutukagua hamkioni, kwa kuwa kimefunikwa: ngozi iliyo chini ya plasta inayoshika mpira wa kulishia.

Nianze na kosa langu.

Alikuwa mtoto wa kike, gramu 1,250, wa mimba ya wiki 30 hivi. Kunyonya bado, maziwa ya mamake tukimpitishia kwa mpira wa puani. Ilikuwa miezi ya kaskazi, usiku, umeme umekatika, na wodi nzima inanuka jasho na maziwa. Plasta yake ililowa, mpira ukasogea, ikabidi nitoe niweke upya. Nilishika ncha ya plasta nikaivuta kwa mkono mmoja, juu, haraka, kama ninavyomtoa mtu mzima dripu. Ikatoka nzito kuliko ilivyopaswa. Nikaigeuza kwenye mwanga wa simu, nikaona upande wa gundi umevaa utando mwembamba, mweupe, kama ule ulio baina ya maganda ya kitunguu. Ilikuwa ngozi yake. Shavuni pamebaki mraba wenye umbo la plasta yangu, unang'aa, unatoka maji.

Hakulia kwa sauti. Watoto wa umri ule sauti yao ya kulia ni dhaifu. Alikunja uso, akafungua mdomo, kisha akaacha kupumua. Nilimsugua nyayo nikimwita, mpaka akavuta pumzi. Sijui ilikuwa muda gani. Kwangu mimi ulikuwa mrefu.

Asubuhi akaja bibi yake, mama wa mama, ambaye wiki ile ile alikuwa katoka kulazwa kwa homa. Aliinama akamtazama mjukuu, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, mbona shavu limechunuka? Kaungua?" Nikamwambia ni plasta. Akanyanyua mkono wake, pale alipokuwa ametiwa sindano ya dripu, bado pana alama nyeusi ya gundi. "Plasta hii hii mliyonibandika mimi?"

Ndiyo, bibi. Hiyo hiyo.

Swali lake ndilo ninalolileta kwenu. Kwenye fomu yetu ya kuagizia vifaa pana mstari mmoja ulioandikwa "plasta". Kinachokuja ni roli ya plasta ya zinki oksaidi, ya kitambaa, yenye gundi kali, iliyotengenezwa ili ishike kwenye ngozi ya mtu anayetembea, anayetoka jasho, mwenye nywele mkononi. Roli hiyo inakwenda wodi ya wanaume, inakwenda chumba cha upasuaji, na inakuja kwetu, ambako mtoto mzima uzito wake haufiki kilo moja na nusu. Tunaikata kwa mkasi, na vipande tunavibandika kwenye ukingo wa toroli au kwenye mkono wa koti letu wakati mikono imeshughulika, kisha tunavibandua tukaviweka usoni kwa mtoto. Mnajua wenyewe kilicho kwenye ukingo wa toroli.

Ngozi yenyewe ikoje? Tabaka ngumu la juu kabisa, lile linalozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie, mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa nalo likiwa na safu 10 hadi 20. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 30 anaweza kuwa na safu mbili au tatu tu. Tena vile vishikizo vinavyoifunga ngozi ya juu kwenye ngozi ya chini kwake ni vichache na vimeachana. Kwa hiyo gundi inashikana na ngozi ya juu kwa nguvu kuliko ngozi yenyewe inavyoshikana na nyama yake. Ukivuta, panapoachia kwanza ni baina ya ngozi na ngozi. Muuguzi mwenye mkono mwepesi kuliko wote hawezi kuibadilisha hali hiyo kwa wepesi wa mkono pekee, akiwa na plasta ile.

Ngozi hukomaa, alhamdulillah, na ikishaguswa na hewa hukomaa haraka: wiki mbili hadi nne kwa wengi, zaidi kwa wale wadogo mno. Lakini wiki hizo ndizo hasa za mpira. Mtoto hujua kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio kwenye wiki ya 32 hadi 34 ya mimba. Aliyezaliwa wiki ya 28 atakaa na mpira wiki nne, tano, hata sita. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ni wiki tano na plasta inabadilishwa kila siku ya pili: hiyo ni mara 17 au 18, kwenye mashavu mawili ambayo kila moja halizidi sana kifuniko cha chupa ya soda. Na kwetu siku ya pili ni bahati. Mara nyingi ni kila siku, pengine mara mbili kwa siku.

Hapo napenda tutulie kidogo, kwa sababu sababu zake ni za hapa kwetu na vitabu tulivyosomea havikuzitaja.

Kwanza ni joto na jasho. Tumefundishwa, na ni kweli tupu, kwamba mtoto njiti akae kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi. Shirika la Afya Duniani katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 limesema huduma hiyo ya kangaruu ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Mimi nimeona watoto waliookolewa na vifua vya mama zao, siwezi kusema neno dhidi yake. Ila shavu lenye plasta linalala juu ya kifua kinachotoka jasho, mwezi wa Februari, feni imesimama. Plasta inaloa, ncha zinainuka. Muuguzi anaona mpira utatoka, anaongeza kipande juu. Baadaye kingine. Mwisho mtoto ana plasta kutoka puani hadi sikioni, na siku ya kuitoa inatoka yote kwa pamoja.

Pili ni mafuta. Hakuna mtoto wa Pemba asiyepakwa mafuta ya nazi, na mimi siwagombezi mama wala bibi kwa hilo. Hayo hayo mapendekezo ya 2022 yanasema kumpaka mtoto njiti mafuta mwilini ni jambo linaloweza kuzingatiwa. Lakini shavu lililopakwa halishiki plasta, na hapo hapo muuguzi anachukua pamba na spiriti kusugua mafuta ili gundi ishike. Spiriti kwenye ngozi hiyo inaunguza, na inapenya hadi kwenye damu. Wapo pia waliofundishwa zamani kupaka tincha ya benzoini ili plasta isibanduke. Haibanduki kweli. Siku ya kuibandua ndipo inaporudi na ngozi.

Najua mtaniambia: basi punguzeni plasta. Kama lingekuwa jepesi hivyo nisingewaandikia. Mpira ukisogea hata sentimita chache, maziwa yanaweza kumwagika kwenye koo na kuingia mapafuni, na mtoto wa gramu 1,250 hana nguvu ya kukohoa akayatoa. Ndiyo maana tunabandika kwa woga. Kila muuguzi wa wodi ile amesimama baina ya vitu viwili anavyoviogopa, na usiku akiwa peke yake na watoto kumi na tatu, atachagua kuogopa mapafu. Ngozi ataifikiria asubuhi. Mimi nisingemlaumu, na ningeomba nanyi msimlaumu. Mpeni kitu kinachomtoa kwenye uchaguzi huo.

Kitu hicho kipo na si kigeni. Ni kipande chembamba cha haidrokoloidi, aina ile ile ya bandiko linalowekwa kwenye vidonda vya wagonjwa waliolala muda mrefu kitandani. Kinakatwa kwa kipimo cha shavu, pembe zake zinazungushwa kwa mkasi zisiinuke, kinalazwa kwanza kwenye ngozi iliyokauka na kushikiliwa kwa kiganja dakika moja kipate joto. Mpira unalazwa juu yake, na plasta inabandikwa juu ya kipande hicho, isiguse ngozi. Ukitaka kubadilisha mpira, unabandua plasta kutoka kwenye kipande. Kipande chenyewe unakiacha palepale kwa siku kadhaa mpaka kianze kuachia chenyewe. Karatasi moja ya sentimita 10 kwa 10 inatoa vipande 15 vya sentimita 2 kwa 3. Watoto 15, karatasi moja.

Nisiwadanganye lakini. Kipande hicho nacho kina gundi, na ukikibandua kabla ya wakati wake kitajeruhi vile vile. Faida yake yote imo katika kuachwa. Nimeona wodi iliyopata msaada wa vipande hivyo, wakawa wanavitoa kila siku pamoja na plasta, kwa kuwa vililetwa kwa sanduku bila ya mtu wa kuvielezea. Mwezi wa pili wakasema havifai. Kwa hiyo ninapoomba kifaa naomba na maelezo yake, kwa Kiswahili, kwenye ukuta wa wodi, yenye picha.

Ipo pia plasta ya silikoni. Hiyo ni laini, inaachia ngozi bila ya kuichuna, na unaweza kuiweka upya. Haina nguvu ya kushika vitu vizito, na mimi nisingeiamini peke yake kwa mtoto anayevuta mpira au kwa mpira wa kupumulia. Kwa mpira mwembamba wa kulishia wa mtoto aliyetulia inatosha. Kama fedha haziruhusu vyote viwili, anzeni na haidrokoloidi.

Na hata kabla ya kununua chochote, yapo ya mikono yetu yanayoweza kuanza kesho. Kubandua ni kazi ya dakika mbili na lazima iheshimiwe hivyo. Unalowesha plasta kwa pamba na maji ya uvuguvugu, unangoja. Kama mtoto hawekewi oksijeni puani unaweza kutumia tone la mafuta ya nazi safi kwenye ncha, mbali na pua. Kisha unairudisha plasta juu ya mgongo wake yenyewe, chini chini, sambamba na shavu, huku kidole cha mkono wa pili kikiishikilia ngozi pale pale inapoachia. Hauvuti kwenda juu. Halafu unafuta mafuta kwa maji, unakausha kwa kugusa bila ya kusugua, ndipo ubandike tena. Mafuta yale yale yanayotusumbua wakati wa kubandika yanatusaidia wakati wa kubandua. Ni suala la kuyajua wakati wake tu. Mpira nao ulazwe kwenye shavu, usivutwe kwenda kwenye paji la uso, maana ukivutwa unakandamiza ukingo wa pua mpaka unaingia kidonda. Na alama ya kalamu iwekwe kwenye mpira pale unapoingilia puani, mama aonyeshwe. Mama yuko naye saa zote, macho yake ni ya karibu kuliko yetu. Alama ikionekana imetoka nje, ajue kuita kabla ya maziwa. Sisemi kwamba alama inatosha. Kabla ya kila mlo muuguzi ahakikishe kwa kuvuta majimaji ya tumboni na kuyapima kwa karatasi ya asidi, isome 5.5 au chini yake. Karatasi hizo nazo hukosekana, lakini hiyo ni barua nyengine.

Lipo jambo moja ambalo silisikii likisemwa kabisa na linaniumiza. Vitabu vinatufundisha tutazame wekundu. "Ngozi ikiwa nyekundu, toa plasta." Watoto wetu ni weusi. Shavu la mtoto mweusi lililoanza kuumia haliwi jekundu la kwenye picha. Linakuwa jeusi zaidi, au linang'aa kama limepakwa mafuta, au linapauka, na ukiligusa lina joto, pengine limekaza. Mwanafunzi anayengoja wekundu atangoja mpaka ngozi ifunguke. Kile kipimo cha hali ya ngozi ya mtoto mchanga, cha alama 3 hadi 9, kinachohesabu ukavu, wekundu na kuchanika, ni kizuri na nashauri kiingizwe kwenye faili la kila mtoto. Lakini walimu wa wauguzi, nawaomba mfundishe kwa macho ya hapa. Pigeni picha za mashavu ya watoto wetu, kwa ruhusa ya wazazi, mfundishie hizo.

Na kidonda kidogo kwa mtoto njiti si kidogo. Ngozi hiyo ndiyo ukuta wake. Kinga ya mwili bado haijakamilika. Pakifunguka mahali, vijidudu vya wodini vinapata mlango, na maambukizi ya damu kwa mtoto wa namna hii huanza kimya: anapoa, anaacha kupokea maziwa, anasahau kupumua. Tunapoagiza dawa za sindano kupigana na maradhi hayo, zile za bei kubwa ambazo wakati mwengine lazima zisubiri meli kutoka Unguja, hatuulizi mlango ulifunguliwa na nini. Katika faili hakuna mahali pa kuandika "amechunuka kwa plasta". Kwa hiyo hakuna anayejua tumewachuna wangapi. Hata mimi usiku ule niliandika "mpira umebadilishwa". Basi. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu, na ni nusu ya kweli.

Yule mtoto aliishi. Alirudi kliniki baada ya arubaini, mnene, kavalishwa kofia ya kufuma. Kwenye shavu alikuwa na doa kubwa la wanja. Bibi yake alisema wageni wakija kumtazama wakiuliza pale pana nini, ndiyo maana akapafunika. Nilimwomba ruhusa, nikapafuta kwa maji. Chini yake pana mraba uliopauka, pembe nne, kama mtu aliyepima kwa rula. Nikamweleza kwamba rangi pengine itarudi polepole, na kwamba wanja asipake hapo, kwa kuwa baadhi yake una madini ya risasi na ngozi ile bado changa. Alinisikiliza vizuri. Hakunilaumu, na wala sikumwambia kwamba mkono ule ulikuwa wangu. Nalisema hapa.

Ninachoomba kwa Wizara na Bohari Kuu ni hiki: mstari ule mmoja wa "plasta" ugawiwe. Kuwe na mstari wa plasta ya kawaida, na mstari wa vifaa vya ngozi ya mtoto mchanga, yaani haidrokoloidi na plasta laini, wenye nambari yake, wenye kiwango chake kwa idadi ya watoto njiti wa kila hospitali, ili mwenye ghala asiulize "si mmeshapata plasta?" Na roli zinazokuja wodi ya watoto wachanga zisikae kwenye ghala lenye joto mpaka gundi ikatoka pembeni; hizo ndizo zinazoacha mabaki ya gundi shavuni yanayotaka kusuguliwa. Wakuu wa hospitali naomba wakubali neno lile, "amechunuka kwa plasta", liandikwe kwenye faili bila ya muuguzi kuitwa ofisini kujieleza. Atakayeitwa ofisini mara moja, mara ya pili ataandika nilivyoandika mimi.

Kila mwaka Novemba 17 tunaadhimisha siku ya watoto njiti. Wakubwa huja, hupiga picha na mama waliowabeba watoto vifuani, na mama hufurahi sana siku hiyo. Mwaka huu mkija, tafadhalini mwombeni muuguzi mmoja abandue plasta moja mbele yenu, taratibu, kwa maji ya uvuguvugu. Tazameni shavu.

Mwisho wa mwezi nitajaza fomu ya vifaa kama kawaida. Mstari wa plasta nitaujaza, kisha pembeni, pasipo na mstari, nitaandika kwa mkono: "Haidrokoloidi, karatasi za sentimita 10 kwa 10, wodi ya watoto wachanga, 20." Naomba atakayeipokea fomu hiyo asiyakate maneno hayo.

Wasalaam,

Muuguzi mkunga, wodi ya watoto wachanga, Pemba